Mkono Mliouita Mwongo

Mheshimiwa Meneja, ndugu wageni waalikwa, wakuu wa vitengo, waokaji wenzangu wa zamu zote, mke wangu mama watoto, na wewe mkwe wangu uliyejificha nyuma ya keki, nawasalimu kila mtu kwa heshima yake.

Maneno haya nimeyaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama mikate, na yamenitoa jasho. Kwa hiyo atakayeangalia saa, aangalie kimyakimya.

Mheshimiwa Meneja amesema hapa kwamba mzee amechoka, anakwenda kupumzika. Nani amechoka? Tanuri lile kubwa nililizoea kabla wewe hujaota meno. Kipimo cha joto cha ukutani kikiharibika, mlikuwa mnamwita nani? Nilikuwa naweka kiganja hiki cha kushoto mlangoni pa tanuri, nasema "bado", mnangoja; nasema "ingiza", mnaingiza. Hakuna mkate ulioungua kwa neno langu, na kama yupo wa kubisha asimame nimwone. Mnaona? Hayupo.

Basi asubuhi moja nikaamka upande wa kushoto umekufa ganzi, nikadhani nimeulalia mkono. Ganzi ikakaa. Nikaja kazini, nikaweka kiganja tanurini, sikusikia kitu. Ngozi imeshababuka ndipo nikajua kwa macho. Baadaye likaja jambo la kinyume. Nikigusa kile kitambaa kilicholowa cha kufunikia unga uliokandwa, mkono unawaka moto mpaka begani. Joto silisikii, baridi inaniunguza. Nikawaambia. Mkacheka.

Ndipo mkwe wangu, msimamizi wa zamu, mtu niliyemkabidhi binti yangu, akanijia kwa nyuma nimekaa mezani, ana sindano ya kushonea magunia. Akanichoma kidole cha kushoto. Sikugeuka. Kisha akaubandika mkono uleule chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu, nikapiga yowe la kuamsha mtaa.

"Mmemwona?" akawaambia wenzake. "Sindano haisikii, soda inamuua. Mzee hataki kazi huyu."

Toka siku hiyo jina langu likawa Mzee Soda. Mnadhani sikulisikia? Masikio yangu hayaumwi.

Daktari aliyenipokea hospitali ni binti mdogo, nusura niondoke. Lakini akachukua sindano, akachukua kichuma cha baridi, akafanya yaleyale aliyofanya mkwe wangu. Tofauti ni moja: yeye aliniuliza nasikia nini, akangoja jibu. Akanionyesha picha ya kichwa changu. Katikati kabisa ya ubongo, akasema, pana sehemu inaitwa thalamasi. Habari za ngozi, za joto, za baridi, za maumivu, zinapanda kwa uti wa mgongo, za kushoto zinavuka kwenda kulia, zinapokelewa hapo, zinapangwa, ndipo zinapelekwa juu mtu ajue kwamba hili ni joto na liko kidoleni. Kwangu mshipa mdogo wa damu umeziba hapohapo, upande wa kulia.

Nikamwambia nimeelewa, ni kama mpokea oda wetu akija amelewa: mteja kaagiza mkate, jikoni linafika neno keki. Mteja hana kosa, mwokaji hana kosa, aliyeharibika ni wa katikati. Akacheka, akasema, "Mzee, ungekuwa daktari wewe." Najua.

Sasa niambieni. Mkono huu ukisema habari za tanuri, mliuamini kuliko kipimo. Uliposema habari zake wenyewe, mkauita mwongo. Mlitaka kidonda? Kidonda kiko ndani ya fuvu, nilipasue niwaonyeshe?

Na leo mmenizawadia friji. Mtu anayeunguzwa na baridi mmempa friji, tena mmeifunga na utepe. Asanteni, mama watoto ataitumia, mimi hata mlango wake sitaugusa. Huyu mama hakudai picha ya kichwa. Siku niliyomwambia shuka linaniunguza, alihamia upande wa pili wa kitanda, upande ambao hajaulalia tangu tuoane, na maji ya kuoga ananichemshia mpaka leo. Mtazameni, amekaa kulia kwangu. Mnadhani ni bahati?

Mkwe, toka nyuma ya keki. Sitaki pole. Sema tu, mbele ya haohao waliokusikia siku ile, kwamba mzee hakudanganya.

Sauti gani hiyo, unaongea na mto wa kulalia? Uliponiita Mzee Soda ulisikika mpaka stoo. Rudia.

Haya. Kaa sasa, ule keki. Bado ni mkwe wangu wewe.

Nimemaliza. Nitasimama mlangoni kuwaaga. Mkono wa kulia ushikeni mpaka mchoke, maana mimi sichoki. Wa kushoto uacheni. Atakayeuacha bila kukumbushwa, nitajua huyo alikuwa ananisikiliza, na asante yangu ni ya huyo.