Mzee Theuri Anatuacha na Trauti, Anafuata Changu wa Msambweni

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Gerishon Theuri atavua buti zake za mpira kwa mara ya mwisho katika kituo chetu cha kufugia samaki aina ya trauti, hapa juu ya Mweiga, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu wake kwa furaha na kwa kueleweka. Furaha nitajaribu. Kueleweka ndiko sijui, maana mstaafu mwenyewe ametuchanganya sisi sote.

Tuanze na yasiyo na utata. Alianza kazi akisafisha mifereji inayoleta maji ya mto kwenye mabwawa. Baadaye akapewa kulisha samaki, kisha chumba cha kutotoleshea mayai, ambacho amekisimamia hadi leo. Mimi ni msaidizi wake, na nimemwona mara nyingi akimkamua samaki jike mayai, polepole, huku akimwomba radhi. Vifaranga waliopita mikononi mwake wako kwa wafugaji wa Othaya, Kerugoya na kila upande wa mlima.

Mwaka ule mto ulipoleta tope hadi mabwawa yakawa kama uji, yeye ndiye aliyeingia majini hadi kifuani kuwahamisha samaki wazazi. Ilikuwa siku ya harusi ya binti yake. Tulimpigia simu, akaja na suti. Ndivyo alivyo. Awe likizoni, iwe Krismasi, awe na homa, kituo kikimwita huja. Neno hapana halimo kinywani mwake.

Na katika miaka hiyo yote hajawahi kuonja samaki hata mmoja. Mkewe, Mama Watiri, alilelewa katika nyumba ambayo samaki aliwekwa kundi moja na nyoka, na ovaroli ya kazi hulala nje kwenye kamba, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo tulipopanga zawadi ya kustaafu hatukusumbuka kufikiri. Mtu aliyechoshwa na samaki ni wa kupewa ng'ombe. Tukanunua mtamba mzuri, mwenye doa jeupe usoni.

Kumbe tulikuwa tumeisahau safari ya Agosti.

Agosti iliyopita chama chetu cha wafanyakazi kilitupeleka Msambweni. Sisi watu wa baridi tulikaa mchangani na sweta zetu, tukiyatazama mawimbi kwa mashaka. Mzee Theuri akapotea. Nilimkuta kwenye mawe, suruali ameikunja hadi magotini, ameshika mshipi wa kuvulia uliozungushwa kwenye kipande cha mti. Alikuwa ameuazima kwa Bi. Rehana, anayekaanga samaki pale ufukweni. Alitia chambo kwenye ndoana bila hata kuangalia. Ndipo akaniambia kwamba baba yake alikuwa mpishi huko Likoni, pwani hii hii, na kwamba hadi alipofika umri wa miaka kumi, familia iliporudi Othaya, yeye alikuwa akivua kila siku baada ya masomo. Samaki waligawiwa majirani, kwa kuwa kwao hawakuliwa. Miaka yote hii tumekunywa naye chai ya saa nne, na hakuna aliyelijua hilo.

Mshipi ukavutwa. Akatoa changu mdogo, mwekundu kidogo mapezini, akamtazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

Hapo tukafanya jambo ambalo ni watu wa trauti tu wanaoweza kulifanya. Samaki wetu ni wa maji matamu, tena ya baridi kali, na joto kidogo tu humuua. Kwa hiyo tulipomwona changu anatweta, kituo kizima kikakimbia kumwokoa. Moffat, dereva wetu, alileta ndoo ya maji ya bomba. Mwingine akaomba barafu kwa muuza soda. Mimi nikawa nakoroga maji kwa mkono ili yapate hewa. Mzee mwenyewe aliinama juu ya ndoo akitoa maagizo, kama tuko kazini. Changu akageuka, tumbo juu.

"Jamani!" Bi. Rehana akapaza sauti. "Samaki wa bahari mwamtia maji ya bomba, tena na barafu? Mwamwokoa ama mwamuua?"

Mzee Theuri alicheka hadi akaketi majini na suruali yake. Mimi sikuwahi kukisikia kicheko kile kabla ya siku hiyo. Halafu akatupa mshipi tena, na hakupata kitu. Jua likateremka, Moffat akapiga honi hadi akachoka, Mzee hakuinuka. Nikamwendea kumuuliza anangoja nini.

"Murugi," akasema, "kule kazini najua samaki yote. Najua imekula nini, na ile itakufa kesho pia naijua. Hapa sijui chini kuko nini. Hii kamba ikiguswa tu kidogo, moyo inaruka. Nilikuwa nimesahau hii kitu kabisa."

Niliitikia kana kwamba nimeelewa. Sikuelewa, na mpaka leo naandika nikiwa sijaelewa. Mtu anawezaje kufurahia kutojua?

Wiki iliyopita uongozi ulimwomba abaki miaka miwili zaidi. Tulikuwa tumeshaanza kushangilia. Akasema hapana. Amekodi nyumba ya vyumba viwili Msambweni na anahama mwezi ujao. Mama Watiri aliposikia alisimama jikoni, mwiko mkononi. "Ati samaki? Miaka yote amenuka samaki, na akiachiliwa anaenda kutafuta zingine?" Hata hivyo ameshafunga magunia mawili ya viazi, kwa kuwa haamini kwamba huko kuna viazi vya maana. Mtamba bado yuko hapa kituoni, anakula nyasi kando ya bwawa. Moffat ameuliza kama ng'ombe wa huku anaweza kuvumilia joto la pwani.

Mimi nilitaka abaki. Nalisema wazi, maana chumba cha mayai sasa ni changu na ninaogopa. Juzi nilimfuata hadi kwenye mifereji nimwombe. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi.

"Nimesema hapana mara moja, Murugi," akasema, akiangalia maji. "Ya pili siwezi."

Nikarudi ofisini bila kumwomba.

Kamati ilitaka nimalizie kwa kumwambia kwamba lango letu liko wazi siku yoyote akitaka kurudi. Sentensi hiyo nimeiacha, na atakayeiweka kwenye hotuba yake atakuwa na neno na mimi.

Mzee Theuri, asante kwa kila samaki na kwa kila mmoja wetu uliyemfundisha bila kumpigia kelele. Tunakuombea afya, amani na Mama Watiri, na bahari yenye kukuficha mengi. Mayai yakikataa kutotoa, tutahangaika nayo. Mto ukileta tope, tutaingia sisi. Na hata nikikupigia simu mimi mwenyewe, nikilia, usirudi.