Uzi wa Buluu kwenye Nguo za Kunyanzi

Watu wa boila, hamjambo. Wapiga pasi, hamjambo, na yule wetu anayeumwa mgongo, pole sana. Fundi cherehani, wewe ni mkubwa wangu, shikamoo. Wasukuma mikokoteni, hamjambo, na Mkuu wetu pia, uliyesema maneno ya kumuaga binti yangu niandike mimi kwa kuwa mimi ni mfanyakazi mwenzake na ndimi mama yake. Nyumbani baba yake hajambo, anawasalimu kwa kichwa kama kawaida yake. Mdogo wake hajambo. Mjukuu wangu hajambo, jino la mbele limeng'oka. Mimi mwenyewe sijambo, ila ndiyo hivyo.

Binti yangu, mnayemwita Kunyanzi, amefanya kazi hapa idara ya kufulia ya hospitali miaka kumi na saba, na Ijumaa hii ndiyo siku yake ya mwisho. Najua maneno kama haya huandikiwa wazee wanaostaafu. Yeye hajazeeka, niliyezeeka ni mimi na bado nipo. Anaenda kufanya kazi ng'ambo miaka miwili, kisha arudi. Ndivyo alivyosema.

Alianza kwa kunishikia shuka. Shuka la wodi halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe za huku, mwingine za kule, mnavuta, mnafuatana, mnakutana katikati. Tulikutana hivyo kutwa nzima, na siku tulizonuniana nyumbani shuka ndilo lililotupatanisha, maana utamnunia vipi mtu mnayegusana naye vidole kila mara? Jina alilipata kwa kurudisha shuka kwenye pasi kwa ajili ya kunyanzi ambalo sisi wengine hatukuliona hata tulipoonyeshwa. Muuguzi mmoja alimtania kwamba wagonjwa wanaogopa kulala wasije wakamharibia kazi.

Baadaye akawa msimamizi. Akapewa kiti, feni na ufunguo wa stoo, ila kila siku bado aliinuka kuja kunishikia shuka. Mashuka yalipokuwa yanapotea, yeye ndiye aliyeleta mtindo wa kushona uzi wa buluu kwenye pembe ya kila shuka letu. Tangu hapo shuka lipotelee jikoni, lipotelee wapi, mtu akiuona uzi anasema hili ni la kufulia, lirudisheni.

Alipotuambia anaondoka nilimuuliza amekosa nini. Kiti anacho, feni inazunguka. Akajibu kwamba tatizo ni hicho hicho kiti, kimeshamzoesha vibaya, na anataka kuona wenzetu wanafuaje kabla magoti hayajachoka. Huko atashika pasi tena kama msichana aliyeajiriwa jana. Nikamwambia kufua ni kufua. Akaniomba radhi zangu ili aende na moyo mweupe, nami sikumpa wala sikumnyima.  Siku nyingi hata mashuka nikawa nakunja na watu wengine.

Wiki iliyopita nikajifanya namsaidia kupanga sanduku. Nikashona uzi wa buluu kwenye kila nguo yake, mpaka soksi. Soksi nilizimalizia hapa kazini, na wapiga pasi waliponiona walicheka hadi chai ikawapalia. Mimi nami nikacheka, kisha nikaenda kusimama kidogo nyuma ya boila, ambako kelele ni nyingi na mtu hasikiki.

Jana akagundua. Alikaa kitandani na soksi mkononi, akaitazama weee.

"Mama, mimi si shuka la wodi," akasema.

Nilijua sasa atafumua. Badala yake akavua kitambaa cha kichwani, kile atakachosafiri nacho, akanipa pamoja na sindano.

"Hiki umekisahau."

Nikashona. Uzi umekaa upande, na yeye asiyevumilia hata kunyanzi moja akauacha hivyo hivyo. Nilipokata uzi nikampa radhi zangu zote, sikubakiza.

Kunyanzi, watu wote wa kufulia tunakushukuru. Uende salama, kazi ikupokee vizuri, na ule, usiwe wa kunywa chai tu. Jumatatu nitashika pembe zangu za huku, na sijui nani atashika za kule. Atakayeshika namuomba asivute sana. Wewe ukifika tu, hata sanduku usifungue kwanza, tuletee neno. Usingoje upate nafasi. Maneno mawili yanatosha, ila yaje upesi, mwanangu, maana baba yako hatalala.