Udongo wa Revelian

Kwenye kivuko cha Kigamboni, mwanamke wa makamo aliyekaa mkabala nami alikuwa amepakata kopo la maziwa ya unga. Bibi wa Kihindi pembeni yake, aliyejitambulisha kama Rubabbai, akamuuliza amebeba nini humo.

"Udongo, mama. Natoka Kagera, kwenye mnara wa mashujaa wa vita. Kaka yangu Revelian kazikwa pale. Mama yetu yupo Kimbiji, miguu haimbebi tena. Anataka azikwe na udongo wa kaburi la mwanawe."

"Umefanya vizuri."

"Sijafanya vizuri. Mlinzi alinikodolea macho, nikaona aibu kuchimba kaburini. Nikachota kwenye maua, karibu na geti. Nimeshapanda basi, ndo jirani yangu wa kiti, mwenyeji wa kule, ananiambia udongo wa yale maua uliletwa na lori."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Rubabbai akatoa mkobani kidonge cha udongo mkavu, saizi ya biskuti. "Huu wa Karbala, alipouawa Imamu Hussein. Nikisali, naweka paji la uso hapa. Nilinunua dukani kulekule. Sikumuuliza muuzaji kauchota wapi."

"Wewe hujui, mama. Mie najua."

"Basi na mama yako asijue."

"Atazikwa nao!"

Mie sikuulizwa, na nashukuru.

Kivuko kikagusa ng'ambo. Simu ya yule mwanamke ikaita, akaiweka spika. Sauti ya kizee ikatoka taratibu: "Demetria, umekuja naye?"

Wote watatu tukalitazama kopo.