Nani Kachimba?

Leo ni tarehe kumi na mbili Septemba, na mwaka wa nne umekwisha tangu niage kwetu.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo hiki cha kupima barafu, wataalamu wetu, madereva, wapishi, ndugu zangu wachimbaji wenye viganja vigumu kama soli, na wewe Mama Vipimo unayestaafu leo: salamu zimfikie kila mmoja kwa nafasi yake. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo nikijikwaa nivumilieni.

Wengi mnaijua kazi ya mama huyu kwenye skrini. Setilaiti inapita juu, inatuma mawimbi ya rada, yanagonga mto wa barafu na kurudi. Yakichelewa, basi uso wa barafu umeshuka. Lakini theluji kavu haijui kufunga mlango. Mawimbi hupenya, yakaja kurudishwa na tabaka gumu la chini. Ndiyo maana tupo sisi wenye mabeleshi.

Mnakumbuka mwaka ule skrini ilipoonyesha mto umeshuka mita nne? Vijana waliinama kama waliofiwa. Mama akauliza swali lake la siku zote, "Nani kachimba?" Akavaa buti. "Beleshi kwanza, kilio baadaye." Tukapanda, tukachimba mpaka shimo likanifika kifuani. Mwaka wa nyuma theluji ilikuwa imelowa, mawimbi yakaishia juu; mwaka ule ilikuwa kavu, yakazama. Nikamwuliza, "Kwa hiyo mto haujapungua?"

"Umepungua, baba. Ila tusimzidishie mgonjwa ugonjwa."

Ni wangapi kati yetu humtendea mgonjwa haki namna hiyo?

Sasa niseme langu. Mwezi uliopita tulikuwa jikoni, tunakunywa chai. Akaniuliza, "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Binti yangu namwona kwenye simu kila Jumapili. Anacheka tu, na kitasa cha mlango ameshakipita."

Akapuliza chai yake. "Nani kachimba?"

Wapishi walicheka, nami nikacheka. Kisha chai ikanishinda.

Jumapili hiyo nilimwomba mke wangu aniambie kweli. Akasema, "Ukishakata simu, mtoto huchukua koti lako la zamani akalala nalo. Kaniapisha nisikwambie, eti baba atashindwa kazi."

Jamani, miaka minne nimekuwa nikisoma kicheko cha juu.

Mama Vipimo, wewe hukuudharau mto kwa sababu uko mbali, wala hukuiamini skrini kwa sababu iko karibu. Nenda kapumzike na wajukuu, umestahili. Mheshimiwa Mkurugenzi, usiiache skrini peke yake: beleshi langu liko nyuma ya mlango wa stoo, litafutie mikono. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Oktoba, na mwingine sitatia saini.

Asanteni kwa masikio yenu, na Mama, asante kwa swali lile. Wiki ya kwanza ya Novemba, Mungu akipenda, nitasimama mlangoni kwetu, nimpime mwanangu kwa bega langu mwenyewe.