Mwaka Bila Ajali: Maisha ya Gilman Sirois, 1961–2016

Yamesomwa na dada yake, Bernice Levasseur, makaburini Saint-Omer, Jumamosi tarehe 14 Mei 2016

Padri, ndugu, majirani, na ninyi mliokuja kwa sababu kutokuja kungeonekana vibaya, asanteni kwa kufika. Marehemu Gilman Sirois alifariki mwezi wa Februari, lakini ardhi ya kwetu haichimbiki wakati wa baridi, hivyo alilazwa katika chumba cha mawe nyuma ya kanisa akingoja barafu iyeyuke. Mdogo wangu amengoja miezi mitatu. Yuko mtu mmoja hapa makaburini aliyekuwa na miezi hiyo hiyo mitatu ya kufanya jambo dogo tu, na hakulifanya. Nitamfikia. Padri aliusoma wasifu huu juzi akaniomba nipunguze makali. Nimepunguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika shamba la viazi la wazazi wetu, hayati Onésime na Laurette Sirois, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Mkunga alikwama kwenye theluji, mtoto akapokelewa na bibi. Alikuwa mtoto mpole, mwenye udadisi wa kuudhi. Wote mnajua ploye, chapati yetu ya maji, haigeuzwi kikaangoni, inaiva kwa upande mmoja basi. Gilman alipokuwa na miaka sita alimkuta mama ametoka kidogo jikoni, akazigeuza zote.

"Wewe mtoto, nani kakufundisha ushenzi huu?" mama alimuuliza, mwiko mkononi.

"Nilitaka kuona upande wa pili unafananaje."

"Upande wa pili haukuhusu!"

Alichapwa mwiko mmoja kiganjani, kisha akapewa zile zilizoharibika azile zote. Alizila kwa siagi na sharubati ya utomvu wa miti, akasema ni tamu kuliko za siku zote. Mpaka anakufa alikuwa akinikonyeza kila tukipika.

Alisoma kwa masista hapa Saint-Omer kuanzia mwaka 1967, wakati ambapo mtoto akisikika anasema Kifaransa uwanjani alisimamishwa akitazama ukuta. Gilman aliujua ule ukuta vizuri. Kila Septemba shule zilifungwa tukaenda kuokota viazi, na yeye aliokota kwa kasi mpaka wenye mashamba wakawa wanamgombania. Alimaliza sekondari Juni 1979. Alikuwa na akili ya hesabu, na aliyekaa dawati moja naye, Rodrigue Bossé, alikuwa na macho mazuri. Rodrigue alinakili hesabu za Gilman kwa miaka minne, pamoja na makosa yake. Siku moja Sista aliona makosa yanayofanana kwenye karatasi mbili, akauliza ni nani kamwibia mwenzake. Gilman ndiye aliyeinua mkono, akapewa ukuta wa kutazama. Nilipomuuliza kwa nini, alisema baba yake Rodrigue anapiga kwa mkanda, na baba yetu anapiga kelele tu.

Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha mbao mwezi wa Oktoba 1980, akafanya kazi hapo miaka thelathini na mitatu, mingi kati ya hiyo kwenye mashine ya kumenya magome. Rodrigue aliingia mwezi huo huo. Yeye alipanda akawa nyapara wa zamu yao, Gilman akabaki kwenye magogo, na sikuwahi kumsikia akinung'unika. Alisema nyapara mzuri ni yule unayejua siri zake.

Tarehe 5 Julai 1986 alifunga ndoa na Jeannine Gagnon katika kanisa hili. Bestimani alikuwa Rodrigue, aliyesahau pete nyumbani, ikabidi bwana arusi mwenyewe aendeshe gari kuifuata huku bibi arusi amesimama mlangoni na shada lake likinyauka. Jeannine alimwambia, "Gilman, unanioa mimi au unamuoa huyu?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Danielle mwaka 1989 na Marc mwaka 1992. Baba wa ubatizo wa Danielle ni Rodrigue Bossé. Alimshika mkononi hapo kwenye birika la maji akaahidi mbele yetu sote kumsimamia.

Sasa nizungumzie jaketi. Wa kiwandani mnajua, lakini wako wageni. Zamu ikimaliza mwaka mzima bila ajali iliyoandikishwa, wenye kiwanda huifanyia karamu mwezi wa Januari na kila mtu hupewa jaketi jipya, limedariziwa mwaka huo kwenye mkono. Sikilizeni vizuri: ajali iliyoandikishwa. Ajali zenyewe zilikuwepo. Mtu akikatwa kidole mwezi wa Oktoba, wenzake humfunga kitambaa, humkalisha kwenye chumba cha chai akijidai anahesabu misumeno, na humwambia, "Usituvunjie mwaka, bwana." Januari, jaketi likishavaliwa, ndipo anaandikisha. Walifanya hivyo baba na wana. Waliona ni urafiki, na wenye kiwanda, ambao si vipofu, waliona ni nafuu.

Na kweli kwa miaka mingi haikumdhuru mtu sana, kwa kuwa sheria ya fidia ya wafanyakazi ilimpa aliyeumia miezi mitatu ya kumwarifu mwajiri. Mwaka 2012 waheshimiwa wa bunge la jimbo wakaibadilisha. Kuanzia Januari 2013 ikawa mwezi mmoja. Ukichelewa, madai yako yamekufa kabla hayajasomwa. Walisema ni marekebisho ya kuvutia wenye mitaji. Hao wenye mitaji sijawaona Saint-Omer mpaka leo, labda walipotea njia. Kampuni ya bima nayo ikafunga ofisi yake ya hapa, ile ambayo ukigonga mlango ulimkuta mtu wa kukusikiliza, na badala yake tukapewa simu inayopiga muziki. Manyapara waliitwa kikaoni wakaelezwa sheria mpya. Rodrigue anasema siku hiyo alisinzia. Inawezekana. Alisinzia sana hata darasani.

Jumanne tarehe 26 Novemba 2013 gogo liliteleza likambana marehemu nyonga kwenye fremu ya mashine. Aliyesimamisha mashine kwa mkono wake mwenyewe, akamvuta Gilman, akamleta nyumbani kwa gari lake, ni Rodrigue. Mimi na Jeannine tulikuwa jikoni tunakanda unga wa mikate ya nyama. Gilman alikuwa mweupe kama huo unga.

"Apelekwe hospitali, shemeji," Jeannine alisema.

"Tumpeleke aseme kaumia wapi?" Rodrigue alijibu. "Umebaki mwezi mmoja na siku chache, Jeannine. Zamu nzima ina jaketi lake. Nitamweka kwenye kiti, hatainua hata kijiti. Mwaka ukifungwa, Januari naandikisha mwenyewe."

"Na nyonga nayo ingoje mwaka ufungwe?" nilimuuliza.

"Dada Bernice, wewe kila kitu unakikuza. Ni mchubuko huo!"

Gilman akacheka kidogo, akasema, "Msigombane. Nimewahi kuumwa jino zaidi ya hivi." Hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili.

Karamu ilifanyika Jumamosi tarehe 4 Januari 2014. Gilman alikwenda kwa fimbo, akapokea jaketi, akapiga makofi. Jumatatu yake akaandikisha kuumia kwake, na kampuni ya bima ikajibu kwamba amechelewa. Ndiyo, alichelewa, kwa wema. Tulipopiga simu, msichana mmoja aliyekuwa mji wa mbali alituambia kwa sauti tamu, "Pole sana, mama, lakini ndiyo utaratibu mpya." Nikamwambia utaratibu huo aukalie. Jeannine akaninyang'anya simu.

Lakini hata sheria ile mbovu waliiachia mlango mmoja. Inasema kuchelewa kunasamehewa endapo mwajiri, au mtu anayemwakilisha kazini, alijua siku ile ile kwamba mfanyakazi ameumia. Nyapara anamwakilisha mwajiri. Shauri liliposikilizwa Oktoba 2014, kilichotakiwa ni Rodrigue aingie aseme, "Nilikuwepo." Siku hiyo Rodrigue alipata mafua. Tulieleza sisi, mimi na Jeannine, na tukaambiwa maneno ya mke na dada hayana uzito kwa kuwa wana maslahi. Kisha wakili wa kiwanda, kijana wa nywele za mafuta, akalinyanyua jaketi.

"Bwana Sirois, hili ni lako?"

"Langu."

"Tusomee lilivyodariziwa mkononi."

"Mwaka 2013 bila ajali."

"Na ulilipokea, ukala, ukapiga makofi?"

"Chakula kilikuwa kizuri," Gilman alisema, na watu wakacheka.

"Je, kuna yeyote wa uongozi aliyekuona ukiumia?"

Nilimwona marehemu akitazama mikono yake. Kisha akasema, "Sikumbuki."

Kwenye gari nilimkaripia, na leo ningemkaripia tena. "Gilman, una wazimu? Sema Rodrigue alikuwepo!"

"Dada, Roddy amebakiza miaka miwili astaafu. Wakijua alificha ajali watamfukuza bila kitu."

"Na wewe je?"

"Mimi nyonga itapona."

Aliinua mkono tena, kama kwa Sista. Safari hii hakupewa ukuta wa kutazama, alipewa kaburi.

Nyonga haikupona. Mfupa ulikufa ndani. Bima yake ya matibabu ilisema jeraha ni la kazini, idaiwe bima ya kiwanda. Bima ya kiwanda ikasema jeraha halijulikani ni la wapi. Walirushiana mdogo wangu hivyo mpaka Machi 2015 ndipo akapasuliwa, na kidonda kikaoza. Wakati huo huo kampuni ya bima ilipata hela ya kumlipa mtu akae ndani ya gari mbele ya nyumba, ampige picha Gilman akibeba mfuko wa mkate, ionekane ni mzima. Gilman alimpelekea kahawa. Akamuuliza kama anataka maziwa.

Hospitalini alilivaa lile jaketi kwa sababu wodi ilikuwa na baridi. Jeannine alitaka kulichoma moto. Gilman alimwambia, "Jaketi halina kosa lolote, mama Danielle. Linapasha joto." Sumu iliingia kwenye damu, akafariki Jumanne tarehe 9 Februari 2016, akiwa na miaka hamsini na minne, Jeannine amemshika mkono mmoja na Danielle mwingine. Marc alikuwa njiani, hakuwahi.

Jeannine amedai fidia ya mjane. Shauri lake litasikilizwa Alhamisi hii inayokuja. Asiposhinda, nyumba ambayo Gilman aliijenga kwa mbao alizomenya mwenyewe itauzwa kulipa hospitali, na kwenye kumbukumbu za jimbo itabaki imeandikwa kwamba kaka yenu alidai uongo. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Mlango ni ule ule mmoja, na mwenye ufunguo ni yule yule.

Kuna aliyenishauri nisimseme mtu makaburini. Huyo wa kusemwa nimemsubiri majira yote ya baridi anijie, sikumwona. Amemzolea Jeannine theluji mlangoni kila ilipoanguka, namshukuru, ila alikuwa akija na gari lake alfajiri kabla Jeannine hajaamka, ili wasitazamane. Theluji tunajua kuzoa wenyewe, Rodrigue. Gilman alikulinda tangu dawatini, na kukulinda huko kumekwisha tarehe 9 Februari. Sasa hakuna mwingine wa kuinua mkono. Umestaafu tangu mwezi uliopita, na karamu ulifanyiwa, nimesikia keki ilikuwa kubwa. Hawawezi kukufukuza popote.

Marehemu ameacha mjane, Jeannine. Watoto wawili, Danielle na Marc. Mjukuu mmoja, Élise, anayesema jina la babu yake vibaya na hatuna haraka ya kumsahihisha. Dada wawili na kaka watatu. Mbwa mzee asiyetaka kula. Na rafiki mmoja, Rodrigue Bossé, bestimani wake na baba wa ubatizo wa binti yake, aliye mzima wa afya, mwenye macho yaliyoona na ulimi unaofanya kazi, aliyesimama pale nyuma karibu na lango, ambaye mafua yake naamini yamekwisha.

Lala salama, Gilman, ardhi imelainika. Rodrigue, wewe bado usilale. Ni Alhamisi, saa nne asubuhi, na mimi ndiye nitakayekupitia.