Nyonga ya Borghild

Jumamosi ile ukungu ulilala juu ya hori, ule mkono wa bahari unaotutenga na ng'ambo, kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa, na nyumba za ng'ambo zilikuwa zikielea, mapaa bila kuta. Kwenye benchi la gatini tulikuwa wale wale: mimi na chupa yangu ya kahawa, Eilif, tunayemwita Barometa, maana kwake kila jambo la dunia ni hali ya hewa, na Sigvart, tunayemwita Askofu, kwa vile ana maoni mengi juu ya Mungu kuliko mchungaji. Wa nne ni Torgils, kiongozi wetu wa maombi, kakaa pembeni, kikombe kimepoa mkononi. Yaliyomkuta Alhamisi hamjayasikia? Sogeeni basi. Miaka kumi na moja hasemi na dada yake Borghild, aliye ng'ambo, dakika ishirini tu kwa kivuko, kisa saa ya ukutani ya marehemu mama yao. Lakini kila Alhamisi, kwenye nyumba ya sala, humwombea nyonga yake mbovu, nasi twaitikia amina. Juzi Gudveig, mmoja wa akina mama wa jikoni pale, akainuka na sahani yake ya keki, akasema mbele ya wote: “Torgils, nyonga hiyo ilipasuliwa ikapona miaka sita iliyopita. Majuzi Borghild kanipita mlimani tukichuma matunda, mimi nahema. Mungu amechoka kusikia habari za mguu unaotembea. Mnafiki wewe, panda kivuko!”

— Sirudi tena nyumba ile, alisema Torgils. Kuniita mnafiki, tena na keki mdomoni!

— Ni ukungu, alisema Barometa. Siku ya ukungu maneno hayapai, yanadondoka kama mawe.

— Alhamisi kulikuwa na jua, nikamwambia.

— Basi ni jua.

Askofu akakohoa.

— Kweli hutoka mbinguni laini kama siagi. Ila Gudveig ana meno mapya ya bandia, yanaikwaruza njiani. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inahusu nini hapa, Askofu? nikamuuliza.

— Inahusu meno.

— Hata manabii walikuwa wakali, nikasema.

— Manabii walitumwa na Mungu, Torgils akadakia, si na akina mama wa jikoni!

— Mimi pia wa jikoni, bwana, nikamwambia. Hiyo kahawa imechemshwa na nani?

Barometa akapunguza sauti, kama anayeota macho wazi.

— Mimi nawaza... Huenda nyonga imeshikiliwa na maombi yako tu. Ukikoma leo, kesho inaachia.

— Zaidi ya hapo! akasema Askofu. Miaka sita ya dawa kwenye mguu mzima! Ndiyo maana anapanda mlima kama mbuzi. Torgils akizidisha kidogo, dada mtu ataruka hori aje mwenyewe.

Tukacheka mpaka shakwe wakaruka. Torgils hakucheka.

— Angeniambia pembeni, alisema polepole. Kwa upole. Ningesikia.

— Mimi nilikuambia pembeni, nikasema. Pasaka mbili mfululizo. Ukanijibu kwamba chapati zangu za viazi ni tamu.

Hapo kivuko kikachomoza kwenye ukungu, kwanza taa, kisha mlio, mwisho chuma. Akashuka mama mmoja mwenye koti la njano, mgeni, ndiyo wiki yake ya kwanza kwenye kazi ya posta, akaingia dukani, akatoka na kifurushi.

— Jamani, samahanini. Hiki ni cha Borghild wa ng'ambo. Dukani wanasema shambani alishahama. Siku hizi anakaa nyumba ipi?

Barometa akaangalia mawingu. Askofu akafungua mdomo, akaufunga. Mimi ninayejua rangi ya chupi za kila kamba ya kuanikia nguo ya kijiji hiki nikachungulia kikombe changu, maana hili sikulijua.

— Alihama? akauliza Torgils.

Akainuka, magoti yakilia, akakipokea kile kifurushi kwa mikono miwili.

— Nipe mimi. Nitaulizia.

Akapanda kivuko, ukungu ukammeza, kofia mwisho. Askofu akavua yake.

— Tumwombee?

Nikaitikisa chupa. Halikubaki hata tone.

— Vaa kofia, Sigvart. Kivuko cha pili saa ngapi?