Tube Iliyonyamaza Kule Mwenga

Wewe unayesoma, nikuulize: mwezi wa tatu wanafukuza watoto wako mu nyumba, eti nyumba ni mubaya, mwezi wa sita wanawaita warudi, nyumba imekuwa muzuri, na hakuna mutu aliyegusa hata jiwe moja la ukuta. Utawarudisha? Ndilo swali lililotukalisha asubuhi ile pa banc ya Kadutu, ubao wetu wa kukalia, mbele ya birika ya Papa Almasi, muuza kahawa, mu muji huu wazungu wanaouita Costermansville na siye wenyewe Bukavu. Mwenye swali alikuwa Honoré, mufanyakazi wa mine, machimbo ya kule Mwenga, na lettre ya société, barua ya kampuni yake, mukononi. Camion, lori la kurudisha jamaa za wafanyakazi, ilikuwa tayari chini ya barabara, inaondoka saa sita. Wenye banc tulikuwa watatu. Brigadier, aliyetoka mu Force Publique, jeshi la Wabelgiji, na médaille moja na kelele zote. Fréquence, anayetengeneza maposte ya radio, yaani anayafungua. Na miye. Miye wananiita Diplôme: six ans, miaka sita, za école technique, section électricité, cachet mbili, ndiyo mihuri, signature tatu, na kazi yangu ya leo ni kushikilia banc isiruke.

— Soma tena, Diplôme, Honoré akasema. Soma pole pole.

Nikasoma: «Le compteur n'a rien signalé.» Mashine haikusema kitu. Kwa hiyo bibi na watoto warudi camp na camion ya leo. Jamaa isiporudi, nyumba itapewa mutu mwingine.

— Mashine gani hiyo? Papa Almasi akauliza.

— Ni bomba, Papa, kama hivi, Honoré akapima mukono wake mupaka kiwiko. Monsieur, muzungu wetu wa mine, anaishika, anavaa casque ku masikio, anatembea. Mwezi wa tatu alileta ya kwanza. Kufika ku ukuta wetu, tk-tk-tk-tk, kama mahindi mu sufuria! Ukuta tulijengaka na mawe meusi ya mine, société ilitupatia bure. Siku ileile bibi na batoto bakapakiwa. Sasa analeta bomba ya pili, bazungu banaiita tube. Imenyamaza.

— Na mawe?

— Mawe iko palepale.

Fréquence akacheka kwa pua.

— Casque ku masikio! Mutu anavaa casque ju ya kusikiliza mawe? Ile ni poste, ndugu yangu. Bazungu banasikiliza ninyi. Mwezi wa tatu mulikuwa munanung'unikia posho, ikalia. Sasa camp iko tupu, nani atanung'unika?

— Wewe Fréquence, hujui kitu, Brigadier akaingia. Tika naloba, acha niseme! Miye nilifika Birmanie, kule Burma, niliona vita na macho haya. Jina lake nini? Compteur. Inafanya nini? Inacompter! Banahesabu banaume ba vita inayokuya. Na banarudisha bibi ju banaume basikimbie mbele ya hesabu kuisha. Kuku hutegwa na mahindi.

— Basi ilinyamaza ju ya nini? Fréquence akauliza.

— Ju hesabu imetimia!

— Haraka haraka haina baraka, Papa Almasi akasema, akimimina kahawa pole pole, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

Wakanigeukia. Walijua nilifanyaka miezi tatu mu atelier, karakana ya ingénieur mumoja, Mubelgiji, anayeunda zile tube kwa société za mine.

— Ndani kuko nini, Diplôme? Honoré akauliza. Sema ukweli, usitupige français.

— Kuko gaz.

— Gaz! Brigadier akasimama. Nilisema mimi! Batumbula, bale banaokula batu! Bale batu baliopotea njia ya Kamanyola, pumzi yao ndiyo iko mule!

— Kaa chini, Brigadier. Ni bomba ya shaba. Katikati kuko waya moja, nyembamba kuliko unywele wa mutoto. Unavuta upepo wote na pompe, unatia argon kidogo, gaz isiyo na rangi wala harufu, kisha mvuke wa alcool, pombe kali. Unafunga. Unapeleka courant, umeme wa volts elfu moja. Jiwe bovu linatupa kitu macho hayaoni, kinachokula mwili pole pole. Kikiingia mule kinavunja gaz, vipande vinakimbilia waya, vinavunja vingine njiani, na casque inasema tk. C'est tout.

— Ulisema alcool, Brigadier akasema polepole.

— Kidogo sana.

— Muafrika akishikwa na chupa ya whisky analala prison. Na bomba inakunywa bure?

— Inakunywa ju isipige makelele bila mwisho. Ikishalia mara moja, alcool inaituliza, isikie inayofuata.

— Hata miye! Nikikunywa natulia, nasikia inayofuata. Baandike mu dossier yangu!

Tukacheka, na Honoré akacheka kidogo, akiangalia camion. Papa Almasi hakucheka. Yeye ni mutu wa Uvira, babu yake alitoka pwani, na methali kwake ni kama sheria ya administrateur: hata isipofaa, inapita.

— Sikilizeni, vijana. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hii tube haivumi. Kwa hiyo si tupu, imejaa. Imejaa gesi yake, ni nzima, na inasema kweli. Honoré, mwanangu, pandisha watoto.

Na mujue, ile methali ilimuingia Honoré. Niliona mabega yake yanashuka. Akakunja lettre, akaiweka mu mufuko wa shati, akasimama. Methali moja ya kahawa, na batoto batatu banapanda camion.

— Honoré, ngoja, nikasema. Ile siku ya tube ya pili, uliikaribia?

— Nilibeba batterie nyuma ya Monsieur. Alinipatia hata casque, nisikie mwenyewe.

— Ilisema hata tk moja?

— Hata moja. Saa nzima. Kimya kama kaburi.

Nikamuvuta shati.

— Rudi ukae. Tube nzima haijui kunyamaza hivyo! Hata hapa pa banc, bila jiwe bovu, ingesema tk, inapumzika, tk, tk. Mara makumi kwa dakika. Mu udongo kuko kidogo, mu mbingu kunashuka kidogo. Miezi tatu nilikula na ile sauti. Papa Almasi, debe lako likiwa tupu linavuma. Hii ikiharibika ndipo inanyamaza.

— Nani aliiharibisha? Fréquence akauliza, na macho yake yakawa madogo.

— Barabara. Jua. Miye nilikuwa nafunga mwisho wa tube na cire, ndiyo nta, na nilimwambia ingénieur: cire hii inalainika ku joto, camion ikiruka mashimo ya Mwenga, upepo utaingia, na upepo unameza kilio. Akanijibu: «On vous paie pour coller, pas pour penser.» Unalipwa kwa kubandika, si kwa kufikiri. Juma lililofuata, hata kwa kucoller hawakunilipa tena. Dehors, nje.

— Sawa! Kwa hiyo walijua! Fréquence akajipiga kofi ku paja. Uliwaambia, walijua, wakaipeleka vilevile!

— Kuko tube ya ville, ya bazungu, na tube ya cité, ya siye beusi, Brigadier akasema. Ya ville inalia, ya cité inanyamaza. Honoré, nyumba ya Monsieur wako iko wapi?

— Ilikuwa karibu na yetu. Mwezi wa tatu alihamia juu ya kilima.

— Amerudi chini?

— Hajarudi.

Hapo kila mutu akapaza sauti yake. Usiende! Nyumba ni sumu! Acha ile kazi ya kishetani! Miye nilikuwa napiga kelele kuwapita, nakubali.

Ndipo Cibalonza, bibi wa Honoré, akafika, godoro ku kichwa, mutoto ku mugongo, wengine wawili nyuma.

— Papa Honoré, chauffeur anapiga klaxon ya camion, tuende. Ju ya nini munapigiana makelele?

Tukamwambia, wote kwa mara moja, kisha miye peke yangu, vizuri. Akashusha godoro. Akasikiliza mupaka mwisho, kama mutu anayesikiliza bei.

— Tube imekufa, nimesikia, akasema. Haijui kama kwetu kuko kuzuri. Lakini haijui pia kama kuko kubaya, si vile? Basi ninyi munajua? Batoto bangu balale kule, ao hapana?

Cibalonza akaniangalia miye, mwenye cachet mbili.

— Sijui, maman.

Klaxon ikalia tena. Cibalonza akakalia godoro lake, palepale kando ya barabara.

— Papa Honoré, panda, ulinde kazi. Miye sipandi juu ya «sijui».

Honoré akapanda peke yake. Chauffeur akaandika jina la Cibalonza, na pembeni: *refus*, amekataa. Mwisho wa mwezi nyumba inapewa mutu mwingine.

Na sasa ninyi, Messieurs, wakubwa wa société, munasoma français, kiswahili watawasomea maboyi wenu. Hatutaki lettre nyingine. Leteni tube mbele ya mwezi kuisha, na muilete pamoja na Monsieur. Monsieur avue saa yake ya mukono, ile namba zake zinaangaza mu giza, ju rangi yake inatupa kitu kilekile cha jiwe bovu, aiweke karibu na tube mbele ya macho yetu. Casque apewe Cibalonza. Asiposikia kilio cha saa, tube ni maiti, muirudishe mulikoitoa. Akikisikia, ondoeni saa, mupitishe tube ku ukuta, kisha chini, pale batoto banaweka vichwa, yeye mwenyewe ahesabu tk za dakika moja. Namba atakayohesabu, muiandike ku karatasi, na Monsieur atie signature.